Jezi ya Slavia Praha ya mtumba: nusu nyekundu, nusu nyeupe, kwapa limeachia

Nianze na bei, maana ndiyo wengi mnaitafuta: shilingi 14,000 za hapa Uganda. Mwenye meza alianzia 25,000. Ni jezi ya Slavia Praha, klabu ya mpira ya Jamhuri ya Cheki, mtumba, saizi M ya kike, mikono mifupi. Nimeivaa, nimeifua, imefumuka nikaishonesha, imenyeshewa, imekaliwa na vumbi. Kwa hiyo sisemi kama mtu aliyefungua mfuko jana.

Niliipata soko la mpakani, Busia ya upande wetu. Meza yenyewe sitaitaja, kwa sababu nina lawama nayo na kijana mwenyewe tunasalimiana kila asubuhi. Wanaojua mitumba wanajua: robota likifunguliwa, mali ya kwanza kutoka ni kamera, yaani nguo bora, na bei yake ni ya kamera. Jioni kinachobaki ni fagia, masalia ya chini kabisa. Mimi nilifika saa kumi na moja, nikiwa nimemwachia mdogo wangu kibanda cha mobail mani, na jezi hii nikaikuta katikati ya fagia, imekunjwa upande mwekundu nje. Nilidhani ni Manchester United nyingine. Nikaivuta. Nusu ya pili ikatoka nyeupe, halafu ikatoka nyota nyekundu juu ya hiyo nyeupe, upande wa moyo.

"Hiyo Ajax, dada," kijana akaniambia. "Ajax orijino."

Ajax ina mkanda mpana mwekundu katikati ya kifua na weupe pande zote mbili. Hii imepasuliwa katikati kama papai. Mwenzake wa meza ya pili akasema hapana, ni Feyenoord, na huyo alikaribia kidogo, maana Feyenoord nao ni nusu kwa nusu. Sikumsahihisha yeyote. Ukimtajia muuzaji wa mitumba jina la kweli la kitu, umempa bei.

Tena nilifanya vibaya zaidi. Nikamwonyesha kijana ile nyota: "Angalia, ncha inaangalia chini. Nani anachora nyota imesimama kwa kichwa? Hii ni feki." Akaigeuza jezi juu chini, akaona kweli nyota ingekaa sawa jezi ikiwa miguu juu, akakata tamaa, tukamalizana kwa 14,000. Nyota ya Slavia ndivyo ilivyo, ncha moja chini, na mimi nilikuwa najua. Mungu anisamehe. Alinilipiza siku hiyohiyo: aliniapia haina tobo, nami nilipofika nyumbani nikaiinua kwenye taa nikakuta kwapa la kulia limeachia upana wa vidole viwili, na mshono wa katikati umeanza kulegea kule chini kwenye pindo. Kesho yake nikamrudishia. "Mali ya fagia hairudi, dada." Ndiyo lawama yangu hiyo, na nusu yake ni yangu mwenyewe.

Sasa mtu atauliza mwanamke wa Busia anamjulia wapi Slavia. Ni hivi. Msimu wa 2022 kuingia 2023, mechi zote za makundi za Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa wanawake zilikuwa zinaonyeshwa bure kwenye YouTube. Mechi za mwisho za siku zilikuwa zinaanza saa nne au saa tano usiku kwa saa zetu, wakati bando la usiku ni rahisi na mtoto ameshalala. Slavia walikuwa kundi moja na Wolfsburg, Roma na St. Pölten. Nilifungua kwa ajili ya Roma, nikabaki kwa ajili ya hawa wa nguo mbili. Mimi nilicheza beki sekondari. Beki akiangalia mpira haangalii anayefunga, anaangalia nani anakimbia nyuma baada ya mpira kupotea. Hawa walikuwa wanakimbia nyuma. Kundi hawakulivuka, lakini usingizi wangu walikuwa wameshauchukua.

Kibandani kwa wanaume, pale tunapolipia kuona ligi ya Uingereza, nikiwataja Slavia nachekwa. Mwanaboda mmoja, Arsenal kufa kupona, huniambia, "Slavia? Tuliwapiga nne kwao." Ni kweli, Aprili 2021, wanaume, 4-0 Praha. Simwambii kwamba wanawake wa Arsenal walifanya makubwa zaidi ya hayo. Nitafika huko. Ila nimewahi kumkamata shabiki wa Chelsea mmoja: nikamwuliza nani alitoka Slavia akaenda West Ham mwaka 2020, halafu Chelsea mwaka 2022? Akataja wanaume watatu. Ni Kateřina Svitková. Na golikipa wao, Barbora Votíková, mwaka 2021 alichukuliwa na PSG. Timu ya kuokota haiuzi watu huko.

Turudi kwenye kitambaa. Ni polista nyepesi yenye vitobo vidogo ubavuni, na kwa joto la hapa inapumua vizuri kuliko zile jezi za dukani za 20,000 ambazo ukikimbia dakika kumi zinakugandia kama nailoni. Saizi M ya Ulaya ni pana mabegani kwa mwili kama wangu; ukiwa mwembamba chukua S. Urefu unatosha, hata ukiinama kufunga kamba za viatu mgongo haubaki nje. Maandishi ya mdhamini kifuani yamebanduka, yamebaki makovu ya gundi. Nyota na nembo zimebandikwa kwa moto, hazikudariziwa, kwa hiyo pasi isipite juu yake. Geuza ndani nje, au usipige pasi kabisa. Nani anapiga pasi jezi?

Jambo ambalo wanaume wanaoandika kuhusu jezi hawatawaambia: nusu nyeupe ikilowa inakuwa dirisha. Mvua ilitukuta uwanjani nikajikuta nusu nimevaa na nusu sijavaa. Ndani vaa singlendi nyeupe au ya rangi ya mwili. Nyeusi itaonekana kama umechora.

Hofu yangu kubwa ilikuwa beseni. Nyekundu na nyeupe kwenye nguo moja, mtumba, hujui huko ilikotoka ilifuliwaje. Kabla ya kuiloweka nilichukua kitambaa cheupe chenye maji, nikasugua upande mwekundu kwa ndani, karibu na pindo. Hakikuchukua rangi. Nikaifua maji ya baridi na sabuni ya kipande, nikaianika kivulini, nikakaa nayo kama mgonjwa. Rangi haikuchuja hata tone. Mara ya pili vilevile. Kilichoshinda nusu nyeupe ni vumbi letu la murram. Nyekundu inalificha, nyeupe inalitangaza. Sasa hivi nusu moja ni ya Praha na nusu ya pili inafanana na barabara ya kwenda Majanji.

Mshono ndio niliotaka kuuzungumzia kwa kirefu, kwa sababu jezi hii si kitambaa kimoja kilichochapwa rangi mbili. Ni vipande viwili kweli, vimeunganishwa katikati toka shingoni hadi pindoni, mbele na nyuma. Ukipitisha kidole kwa ndani unausikia ukingo, umekunjwa na kupigwa overloki ya nyuzi nne. Kwa nje kuna mstari mmoja wa uzi juu yake, na uzi huo ni mweupe upande wote. Huko kwao timu hii jina lake la utani ni sešívaní, maana yake walioshonwa, kwa sababu ya jezi hiyohiyo ya nusu mbili. Nikampelekea mzee fundi anayekaa barazani karibu na kibanda changu. Kwapa lilikuwa rahisi, liko upande mwekundu, uzi mwekundu, dakika tano. Alipofika kwenye pindo la katikati akasimamisha cherehani.

"Mwanangu, hapa uzi gani?"

Nikamwambia mweupe, kama ulivyokuwa.

"Chini hapa mweupe utaonekana kwenye nyekundu. Nikiweka mwekundu utaonekana kwenye nyeupe. Lazima upande mmoja ulalamike."

Tukabaki tunaitazama. Mwishowe akaweka mwekundu kwenye bobini na mweupe juu, akashona taratibu kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Kwa nje unaona mweupe, kwa ndani mwekundu. Wakati anashona akaniuliza timu yenyewe ya wapi na imeshinda nini. Nikamwambia ya Praha, Jamhuri ya Cheki. Klabu ni ya mwaka 1892, na mimi naifuata upande wa wanawake.

Nikamweleza kwamba ligi ya wanawake kule ni ya nyumba mbili. Tangu Chekoslovakia igawanyike mwaka 1993, ubingwa haujatoka nje ya Sparta na Slavia, zote za mji mmoja. "Kama Simba na Yanga," akasema. Karibu hivyo. Mwanzoni ilikuwa Sparta, Sparta, Sparta. Slavia wakachukua 2003 na 2004, wakanyang'anywa muda mrefu, halafu toka 2014 hadi 2017 wakabeba minne mfululizo. Hiyo ya nyumbani mzee hakuijali sana, alikuwa anakata uzi kwa meno. Alipoinua kichwa ni nilipoanza za nje.

Nilichukua chaki yake nikamwandikia mezani, kwenye ile mbao anayokatia. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2016, Slavia na Lyon. Kwao Lyon, 9-1. Marudiano Praha, 0-0. Robo fainali ya 2018, Wolfsburg. Ugenini 5-0, nyumbani 1-1. Robo fainali ya 2019, Bayern. Praha 1-1, Munich 5-1. Kisha hatua ya makundi, msimu wa 2023 kuingia 2024, wakapangwa tena na Lyon. Praha, mbele ya watu wao, 0-9. Waliporudiana Ufaransa mwezi Januari, 2-2.

Vipigo niliviandika safu ya kushoto, sare safu ya kulia. Mzee akavaa miwani.

"Hawa wanavaa matokeo yao," akasema.

Sikuwa nimeliona hivyo, na nimekuwa nikizibeba tarakimu hizi kichwani kwa muda mrefu. Kila mara nusu moja nyekundu, nusu moja nyeupe. Na si kwamba walikuwa wanacheza na wanyonge: Lyon wa 2016 walimaliza wakiwa na kombe, Wolfsburg wa 2018 walifika fainali, Lyon wa 2024 pia walifika fainali. Nikasema ukweli pia, kwamba Arsenal ndio walioharibu hesabu. Mwishoni mwa 2019, Slavia wakiwa wametoka kuwapiga Hibernian wa Scotland bila huruma, walikutana na Arsenal: 2-5 Praha, 0-8 London. Hapo hakuna nusu nyeupe. Mzee akaangalia, akachukua kitambaa, akaifuta Arsenal mezani. "Hiyo ilikuwa jezi nyingine," akasema. Alicheka, lakini bei hakupunguza: 3,000, kwapa na pindo. Kwa hiyo jezi imenigharimu 17,000, andikeni hivyo.

Mshono wake unashika. Nimeuvuta, wasichana ninaowafundisha mpira wameuvuta, hauachii. Ningekuwa najua, ningemwambia aipitie yote siku ileile, maana mtumba ukiachia sehemu moja na kwingine umechoka. Ushauri wangu kwa anayenunua jezi yoyote ya nusu mbili: usiangalie rangi kwanza, angalia ndani ya mshono wa katikati. Ishike pande zote mbili, ivute kidogo. Ukiona mwanga unapita kati ya mishono, hiyo ni 10,000 si zaidi, na hesabu ya fundi juu yake.

Jambo jingine, msichapishe namba mgongoni. Nilijaribu. Kuna sehemu mjini wana mashine ya kubandika kwa joto; nilitaka 6 tu, ndogo. Walipandisha moto wa fulana za pamba kwenye polista, na sasa katikati ya mgongo kuna mraba unaong'aa kama umepakwa mafuta, nao umekaa nusu kwenye nyekundu na nusu kwenye nyeupe. Namba yenyewe ilibanduka baada ya wiki mbili. Mraba upo.

Nafundisha wasichana jioni, kwenye uwanja nyuma ya shule ya msingi, wa miaka kumi na tatu hadi kumi na sita. Timu haina jina la kutisha na haina jezi; tuna bibu za njano nane na mipira miwili, mmoja una ngozi. Agosti 2023, mashindano ya klabu za wanawake za ukanda wetu yalipochezwa Njeru, niliwapeleka wanne kwa nauli yangu kuona mchezo mmoja, na tangu JKT Queens wa Tanzania walipoondoka na kombe lile, wananiuliza wapi watapata jezi yao. Sina jibu. Ya Kawempe Muslim au Kampala Queens, timu za hapahapa nyumbani, sijawahi kuikuta sokoni Busia, si mpya si mtumba. Jezi ya wanawake wa Praha ndiyo iliyotufikia, na imefika kwa sababu mtu huko aliitupa.

Mwezi uliopita tulikwenda bonanza Tororo tukafungwa saba. Sifuri kwa saba. Golikipa wangu alilia kwenye taksi hadi nyumbani, na abiria mmoja akamwuliza kama amefiwa. Jumatatu walikuja mazoezini sita. Mwaliko wa marudiano ulikuwa umeshafika, Jumamosi ya pili, uwanja wetu, na wale sita walikuwa wametumwa na wenzao kuniambia hawachezi.

Siku hiyo nilikuwa nimevaa jezi. Sikuwa nimepanga hotuba. Mimi si mtu wa hotuba, mchana kutwa nahesabu pesa za watu. Nahodha wao ndiye aliyeniuliza ile nyota mbona imepinduka, nikajibu, na jibu likaleta jingine, mpaka nikajikuta nachora kwa kijiti kwenye vumbi yale niliyomwandikia mzee fundi.

"Tisa, Kocha?"

"Tisa."

"Nyumbani kwao?"

"Nyumbani kwao."

"Na baadaye wakaenda tena kwa walewale?"

"Wakaenda."

Akafikiri. "Kwa nini walienda?"

Nilitafuta jibu zuri, sikulipata. "Ratiba ilikuwa imeshatoka," nikamwambia.

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Jumamosi walikuja kumi na watatu. Tulifungwa 2-1, na lile la kwetu alifunga beki, kwa kichwa, kona ya mwisho mwisho, akagongana na mlingoti na hakujali. Sare haikupatikana, msinisukume.

Sasa nyota. Za kitambaa natoa tano. Za rangi, tano. Za mshono nilipoinunua, mbili; baada ya mzee, nne. Za meza niliyonunulia natoa tatu, kwa kuwa kijana alidanganya lakini mimi nilianza. Kama wewe unataka jezi ya kujionyesha kibandani, hii haitakusaidia, utashinda ukieleza siyo Ajax. Kama unacheza, au unafundisha, au unafua mwenyewe, inunue, ila isizidi 15,000 na uikague kwapa mchana, si jioni kama mimi.

Kuhusu itakavyokuwa baada ya mwaka sitaweza kuwaambia. Baada ya ile mechi beki aliyefunga aliomba aivae kwenda nayo nyumbani, amwonyeshe mama yake, ataileta kesho. Hiyo kesho imefika mara kumi na mbili. Jana nilimwona mbali, upande wa soko, amebeba ndoo kichwani. Nyekundu ilikuwa bado imekolea, nyeupe sikuiona vizuri. Nilimwita. Akaongeza mwendo.